Nyumba Kuukuu, Mkopo Mpya: Ukarabati Ulipiwe na Nani?

Nyumba zilizojengwa miaka ya 1970 na 1980 katika mitaa ya Nairobi kama Buruburu, Umoja na Donholm zimefika umri wa kuuzwa mara ya pili au ya tatu. Waliozinunua wakiwa vijana wa ofisini wamestaafu, baadhi wamerudi mashambani, na warithi hawana haja ya kukaa hapo. Bei zake mara nyingi huwa chini ya zile za nyumba mpya zenye vyumba vile vile, tena zina ua, kitu ambacho ghorofa za siku hizi hazina. Mnunuzi hupiga hesabu yake: ataipata kwa bei nafuu, ataitengeneza, atakuwa na nyumba ya maana karibu na mji. Kisha huingia benki, na hapo ndipo hesabu inapovurugika.

Uchambuzi huu unaangalia swali moja: mtu anaponunua nyumba iliyochakaa nchini Kenya, fedha za kuinunua na za kuikarabati zitoke wapi, na kila njia inamgharimu nini?

Mkanganyiko umetoka wapi

Kuna vyanzo vitatu. Cha kwanza ni matangazo ya benki zenyewe. Bango moja husema "mkopo wa kununua, kujenga na kukarabati nyumba," na msomaji akadhani ni mkopo mmoja. Kwa kawaida ni mikopo mitatu yenye masharti tofauti, na ule wa ukarabati humtaka mkopaji awe tayari na hati kwa jina lake. Asiyekuwa na hati hana cha kuweka dhamana.

Cha pili ni video na masimulizi kutoka ng'ambo. Jamaa aliyeko Texas au Minnesota anasimulia jinsi alivyopewa mkopo mmoja uliolipia nyumba mbovu pamoja na mafundi wa kuitengeneza. Anasema kweli, lakini mfumo uliomwezesha haupo hapa, kama tutakavyoona.

Cha tatu ni makato ya nyumba. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024 ianze kutumika, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Wengi huuliza: kama nalipa, kwa nini nisipewe hela za kurekebisha nyumba niliyoipata Umoja? Jibu ni kwamba makato hayo si akiba ya mkatwaji. Kazi yake kubwa ni kujenga nyumba mpya, na anayezitaka hujisajili na kuweka amana ya nyumba hizo. Nyumba kuukuu ya mtu binafsi haimo katika hesabu hiyo.

Benki hukopesha ukuta uliopo leo

Shina la tatizo liko kwa mthamini. Kabla ya kutoa mkopo, benki hutuma mthamini aliyesajiliwa aandike thamani ya nyumba jinsi ilivyo siku hiyo, na mara nyingi aongeze bei ambayo ingepatikana ikiuzwa haraka kwa mnada. Mkopo hukatwa kutoka kwenye thamani hiyo, kwa mfano asilimia 80 au 90. Mnunuzi anaiona nyumba itakavyokuwa baada ya miezi sita. Benki inaiona kama ilivyo asubuhi ya leo, paa likivuja.

Hofu ya benki ina sababu. Mkopaji akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inaitaka benki impe ilani ya siku 90, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na hapo bado kuna uwezekano wa mahakama kusimamisha mnada. Nyumba ambayo dari limebomolewa na mabomba yamefukuliwa hupata wanunuzi wachache siku ya mnada kuliko ilivyokuwa kabla haijaguswa. Kwa maneno mengine, kipindi cha ukarabati ndicho kipindi ambacho dhamana ya benki iko dhaifu zaidi, na ndicho hasa ambacho mnunuzi anaomba hela zaidi.

Zaidi ya hayo, mitaa ya zamani imejaa nyongeza. Mtu alijenga chumba cha nyuma mwaka huu, akaongeza duka mbele mwaka ule, na nyingi za nyongeza hizo hazikupitishwa na baraza la jiji la wakati ule wala na kaunti ya sasa. Ingia jikoni mwa nyumba ya aina hiyo uangalie sakafu: si ajabu kukuta kifuniko cha majitaka katikati ya chumba, kwa sababu jiko lilisogezwa juu ya laini iliyokuwa uani. Bomba la huko chini hupita kwenye viwanja vya majirani kadhaa, na likiziba hakuna wa kulifukua bila kuvunja ukuta wa mtu. Mthamini makini ataandika hayo, na bei itashuka. Mthamini asiye makini atayaacha, na mnunuzi ndiye atakayeyagundua akiwa ameshalipa.

Kuna pia suala la muda wa hati. Nyumba nyingi za mitaa hii ziko kwenye ardhi ya kukodishwa kwa miaka 99, na iliyoanza kuhesabiwa miaka ya 1970 sasa imebakiza takriban nusu. Kwa mkopo wa miaka 15 hilo halina shida, ila benki itaangalia miaka inayosalia baada ya mkopo kwisha, na mnunuzi naye inafaa aiangalie.

Njia ya kwanza: yote benki

Wanaoipendelea njia hii husema riba ya benki kwa mkopo wa nyumba, hata ikiwa juu, hugawanywa kwa miaka mingi na kufanya malipo ya mwezi yabebeke. Utaratibu wake ni huu: unanunua kwa mkopo wa kwanza, hati inahamishwa, rehani inasajiliwa. Baadaye unaomba mkopo wa ukarabati, na benki inasajili rehani ya nyongeza juu ya hati ile ile. Fedha hutolewa kwa awamu, kila awamu baada ya mkadiriaji wa gharama za ujenzi kuthibitisha kwamba kazi iliyotangulia imefanyika.

Nguvu ya njia hii ni nidhamu. Fundi halipwi kwa maneno, na mwenye nyumba hawezi kuchukua pesa za paa akanunua gari. Udhaifu wake uko katika gharama zinazojirudia. Mthamini analipwa tena, wakili analipwa tena, na rehani ya nyongeza ina ushuru wake wa stempu, ijapokuwa huo ni mdogo, asilimia 0.1. Tena awamu zinachelewa. Mafundi wa Nairobi hawana mtaji wa kusubiri wiki tatu hati ya mkadiriaji ipite ofisini. Wataondoka waende kazi nyingine na kurudi watakapopenda.

Lakini gharama kubwa ni riba yenyewe. Kenya ina mikopo ya nyumba takriban elfu 30 tu katika benki zote, idadi ndogo mno kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 50, na mwaka wa 2023 wastani wa riba yake ulikuwa kama asilimia 14. Mikopo mingi ina riba inayobadilika. Benki Kuu ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13 Februari 2024, kisha ikaanza kukishusha Agosti mwaka huo, na waliokuwa na mikopo walionja mawimbi yote mawili. Kati ya 2016 na 2019 sheria iliweka kikomo cha riba. Kikomo kilipoondolewa Novemba 2019, benki zilirudia kupanga bei kwa jinsi zinavyomwona mkopaji.

Tuchukue mfano wa kukisia ili tuone. Nyumba inauzwa Sh9 milioni, ukarabati unahitaji Sh2 milioni. Benki inatoa asilimia 80 ya bei, yaani Sh7.2 milioni, kwa asilimia 14 na miaka 15. Malipo ya mwezi ni karibu Sh95,900. Ukiongeza Sh2 milioni za ukarabati kwa masharti hayo hayo, mwezi unapanda kwa Sh26,600 hivi, kiasi ambacho wengi wataona ni kidogo. Ila hizo Sh2 milioni, zikimalizika kulipwa, zitakuwa zimegeuka Sh4.8 milioni. Rangi, mabomba na nyaya vimelipiwa zaidi ya mara mbili, na rangi yenyewe itakuwa imepakwa upya angalau mara moja kabla deni lake halijaisha.

Watetezi wa njia hii hutaja pia nafuu ya kodi. Ni kweli kwamba sheria ya kodi ya mapato humruhusu anayeishi katika nyumba yake kuondoa kwenye mapato riba ya mkopo aliochukua kununua au kuboresha nyumba hiyo kutoka kwa taasisi zilizotajwa katika sheria. Kikomo kilipandishwa mwishoni mwa mwaka wa 2024 kutoka Sh300,000 hadi Sh360,000 kwa mwaka, yaani Sh30,000 kwa mwezi. Kwa anayetozwa asilimia 30, hiyo ni akiba ya hadi Sh9,000 kila mwezi, si haba. Lakini angalia mfano wetu: riba ya mwezi wa kwanza pekee kwenye Sh7.2 milioni ni Sh84,000. Kikomo kimeshajaa hata kabla ukarabati haujaguswa. Nafuu ya kodi ni hoja nzuri ya kukopa benki kwa ajili ya kununua. Kama hoja ya kuongeza deni la ukarabati juu yake, haina uzito kwa mkopaji wa kiwango hiki.

Njia ya pili: benki inunue, sacco ikarabati

Hii ndiyo njia inayotumiwa na wenye mishahara wengi, na ina mantiki. Sacco hukopesha kwa kawaida hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, kwa riba ambayo mara nyingi ni asilimia moja kwa mwezi kwenye salio linalopungua, na dhamana yake ni wadhamini na akiba zao. Haijali kama paa linavuja. Haimtumi mthamini. Mwanachama anapewa pesa zake mkononi na anajua la kufanya nazo, au anadhani anajua.

Tukirudi kwenye mfano: Sh2 milioni kutoka sacco kwa miezi 48 zinahitaji malipo ya karibu Sh52,700 kwa mwezi. Ukimaliza umelipa Sh2.53 milioni. Ukilinganisha na Sh4.8 milioni za benki, tofauti ni zaidi ya Sh2.2 milioni, bei ya ukarabati wa pili mzima.

Basi kwa nini si kila mtu anaichukua? Kwa sababu ya mwezi. Jumla ya benki na sacco inafika karibu Sh148,600 kwa miaka minne ya kwanza, na Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 hairuhusu makato ya mshahara kuzidi thuluthi mbili. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa Sh250,000. Thuluthi mbili ni kama Sh166,700. Kodi na makato mengine ya lazima humega karibu Sh70,000 hata baada ya nafuu ya riba. Mkopo wa benki wa Sh95,900 unaingia kwa shida sana. Wa sacco hauna pa kuingia. Mtu huyu, ambaye kwa vipimo vya Kenya ana mshahara mkubwa, anaweza kununua nyumba kuukuu lakini hawezi kuitengeneza. Ndiyo maana utawakuta watu wamehamia kwenye nyumba walizonunua, karatasi za nailoni zimefunika dirisha la nyuma, miaka inapita.

Njia ya sacco ina uzito mwingine usioonekana kwenye karatasi. Wadhamini ni wenzako kazini. Ukipoteza kazi katikati ya ukarabati, benki itaanza safari yake ndefu ya ilani, lakini sacco itawakata wenzako mara moja tu akiba yako isipotosha. Akiba yenyewe haitolewi hadi ujiondoe uanachama, kwa hiyo huwezi kuichota kujinusuru. Na asiye mwanachama asifikiri atajiunga mwezi ule ule anaopata nyumba: sacco nyingi hutaka uweke akiba kwa miezi kadhaa kwanza.

Mikopo ya simu naiweka kando kwa sentensi moja: muda wake ni wa siku au wiki, na hakuna ukarabati wa nyumba unaojilipa katika muda huo.

Fedha za uzeeni: mlango unaosahaulika

Kanuni za mikopo ya nyumba za mwaka wa 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mafao ya kustaafu, zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi asilimia 60 ya alichojilimbikizia kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Jambo lisilojulikana sana ni upana wa matumizi: kanuni hizo zinataja kununua, kujenga, kuongeza, kufanyia mabadiliko na kukarabati nyumba, na hata kugharamia amana, ushuru wa stempu, ada za uthamini na za wakili. Kwa mnunuzi wa nyumba kuukuu, hakuna kifungu kingine katika sheria za Kenya kinachomgusa kwa ukaribu hivyo. Dhamana hii inaweza kumfanya mkopeshaji akubali kufadhili bei yote, na akiba ya mkononi ikabaki kwa mafundi.

Mwaka wa 2020 kanuni nyingine zilifungua njia tofauti: kuchukua kabisa hadi asilimia 40 ya mafao, yasiyozidi Sh7 milioni, kununulia nyumba ya kuishi. Hii watu wanaijua zaidi kwa sababu magazeti yaliiandika sana. Ni ya kununua, si ya kupaka rangi. Tena ukiichukua umeipunguza pensheni yako leo na riba yote ambayo ingeizalia hadi ustaafu. Njia ya dhamana huacha fedha zikiendelea kukua, mradi deni linalipwa; lisipolipwa, zitachukuliwa.

Hukumu ya mwandishi hapa ni wazi: kati ya hizo mbili, dhamana ya asilimia 60 inafaa zaidi kwa nyumba inayohitaji kazi, na wadhamini wa mifuko wanapaswa kuwaeleza wanachama wao habari zake badala ya kungoja waulizwe.

Kidogo kidogo

Kuna wanaosema usikope hata senti kwa ukarabati. Nunua, hamia, tengeneza chumba kimoja kila unapopata. Hii ndiyo desturi ya ujenzi Afrika Mashariki, na ina sifa moja kuu: hakuna anayeweza kukunyang'anya nyumba kwa sababu ya bafu.

Tatizo ni kwamba nyumba kuukuu haikubali kukatwa vipande kama kiwanja kitupu. Paa, umeme na maji ni lazima zitangulie, na kila kimoja ni mzigo wa mara moja. Ukipaka rangi sebule kabla ya kubadilisha mabomba ya chuma yaliyoota kutu ndani ya ukuta, utaivunja sebule hiyo hiyo. Ubao wa fyuzi wa zamani uliowekwa kwa taa na redio haubebi hita ya kuogea, jiko la umeme na mashine ya kufulia. Baadhi ya nyumba bado zina paa za asbesto, iliyopigwa marufuku Kenya tangu mwaka wa 2006, na kuiondoa kunataka mtu mwenye leseni. Fundi wa mtaani na msumeno wake hafai hapo. Vitu hivi vitatu havisubiri bonasi ya Desemba.

Kwa hiyo njia ya kidogo kidogo inafaa nusu ya kazi: kabati, vigae, lango, rangi. Nusu ya kwanza inahitaji donge la pesa, na swali la mwanzo linabaki.

Pwani: nyumba bila ardhi

Haya yote yamechukulia kwamba kuna hati. Mombasa, hasa Majengo na sehemu za Kisauni, kuna maelfu ya nyumba za Waswahili ambazo mwenye kuta si mwenye ardhi. Aliyejenga hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, na anapouza anauza kuta, paa na haki ya kukaa. Bei ni ndogo, na mnunuzi kijana anaweza kuilipa taslimu. Lakini hakuna benki itakayosajili rehani juu ya nyumba ya namna hiyo, kwa sababu hakuna hati ya kuisajilia. Ukarabati unategemea sacco, chama, na hela zinazotumwa na ndugu walioko Ghuba na Ulaya. Mwenye ardhi akiuza kiwanja, aliyekarabati kwa Sh1 milioni ana mazungumzo magumu mbele yake. Katika nyumba hizi ni busara kukarabati kwa kiasi ambacho mtu yuko tayari kukipoteza, ama kuanza na mazungumzo ya kununua ardhi yenyewe.

Mji wa Kale wa Mombasa na ule wa Lamu, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka wa 2001, ina gharama yake pia. Nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti hazitengenezwi kwa saruji bila kuharibika, na zinalindwa na sheria ya urithi, kwa hiyo kazi huanza kwa kibali. Mafundi wa chokaa ni wachache na bei yao si ya fundi wa kawaida.

Waislamu wasiotaka riba wamekuwa na benki zao tangu mwaka wa 2008. Kwa kununua, utaratibu wa murabaha au ubia unaopungua hufanya kazi: benki inanunua na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa, au inamiliki pamoja naye hadi ahitimishe. Kwa ukarabati, murabaha inashika vizuri vifaa, kwa kuwa benki inaweza kununua mabati na saruji na kukuuzia. Ujira wa fundi ndio mgumu, kwa sababu hauna bidhaa ya kununua na kuuza.

Wamarekani na Watanzania wanafanyaje

Mkopo anaousimulia yule jamaa wa Texas kwa kawaida ni wa aina iitwayo 203(k), unaowekewa bima na FHA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka wa 1934. Siri yake ni moja: thamani inayotumika ni ya nyumba baada ya kutengenezwa. Mnunuzi anayetimiza masharti anaweka asilimia 3.5, na pesa za ukarabati zinawekwa kwenye akaunti maalumu na kutolewa kwa awamu. Kwa kazi ndogo kuna toleo jepesi ambalo kikomo chake kilipandishwa mwaka wa 2024 kutoka dola 35,000 hadi 75,000.

Kwa nini benki za Kenya zisiige? Kwa sababu hasara ya benki ya Marekani inafidiwa na bima ya serikali, na mkopaji huilipia bima hiyo kwa miaka, mara nyingi muda wote wa mkopo. Pia kuna mshauri aliyeidhinishwa anayeandika orodha ya kazi na bei zake, na akiba ya dharura inatengwa ndani ya mkopo. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inayosajili makandarasi tangu sheria ya mwaka wa 2011, lakini ukarabati mwingi wa nyumba moja unafanywa na fundi asiye na usajili. Kipande kinachokosekana hasa ni mtu wa kubeba hasara ya kipindi cha ukarabati.

Kampuni ya kufadhili upya mikopo ya nyumba, KMRC, iliyoanzishwa mwaka wa 2018 na kupata leseni ya Benki Kuu mwaka wa 2020, imeshusha gharama kwa kukopesha benki na sacco fedha za muda mrefu kwa asilimia 5, na baadhi ya wanunuzi wakapata riba chini ya asilimia 10. Hilo ni jambo kubwa, na mnunuzi yeyote wa nyumba ya bei ya kati aulize kwanza kama mkopeshaji wake anatumia fedha hizo. Lakini bei nafuu ya fedha haibadilishi thamani anayoandika mthamini.

Tanzania ilitangulia Kenya kwa chombo cha aina hiyo, TMRC, mwaka wa 2010, baada ya sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008. Benki zinazokopesha nyumba zimeongezeka sana na muda wa kulipa umerefuka, ila riba imekaa kati ya asilimia 15 na 19 kwa miaka mingi. Tatizo la mthamini na paa linalovuja liko vile vile Magomeni kama lilivyo Buruburu.

Mizani

Swali la kweli kwa mnunuzi, ambalo wengi hawaliulizi, ni hili: akiba niliyo nayo, niiweke kwenye amana au kwenye ukarabati? Tuseme katika mfano wetu mnunuzi ana Sh3 milioni. Akilipa amana ya asilimia 20, Sh1.8 milioni zimeondoka, na ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini unachukua Sh360,000. Wakili, mthamini na bima vikishalipwa, amebakiwa na kama Sh600,000 kwa kazi ya Sh2 milioni. Akipata mkopeshaji wa asilimia 90, amana inashuka hadi Sh900,000 na mkononi zinabaki kama Sh1.5 milioni, za kutosha paa, umeme na maji. Bei ya nafasi hiyo ni takriban Sh12,000 zaidi kwa mwezi kwa miaka 15, jumla Sh2.16 milioni kwa mkopo wa ziada wa Sh900,000.

Ni ghali, na mwenye nafasi kwenye mshahara akope kiasi hicho kutoka sacco na aokoe zaidi ya Sh1 milioni. Lakini kwa yule wa Sh250,000 hata hizo Sh12,000 zinavuka thuluthi mbili. Kwake nyumba hii si nafuu. Ni ghali kuliko uwezo wake kwa kiasi kile kile ambacho ukarabati unagharimu, na bei ya chini iliyomvutia ilikuwa ikimficha hilo. Afadhali atafute ya Sh7 milioni, au aanze na dhamana ya pensheni, au asubiri.

Na punguzo lenyewe lipimwe. Nyumba iliyokwisha kutengenezwa ya Sh12 milioni, kwa masharti yale yale, ingetaka amana ya Sh2.4 milioni na karibu Sh127,800 kwa mwezi. Nyumba kuukuu ya Sh9 milioni inashinda ikiwa ukarabati utakaa kwenye Sh2 milioni. Ukifika Sh3 milioni, na katika nyumba ya miaka 45 ni jambo la kawaida, faida imeliwa, na bado hujahesabu miezi ya kulipa kodi ya nyumba unayoishi pamoja na mkopo wa nyumba usiyoweza kuishi. Punguzo ambalo halizidi makadirio ya ukarabati kwa angalau robo halifai kuitwa punguzo.

Mkataba wa kawaida wa kuuza nyumba Kenya unataka asilimia 10 siku ya kutia saini na salio ndani ya siku 90, na mnunuzi ambaye mkopo wake haukutoka huwa hatarini kupoteza hiyo asilimia 10. Mpeleke mkadiriaji, fundi umeme na fundi bomba ndani ya nyumba kabla hujaweka saini. Ada yao ni ndogo kuliko kosa lolote litakalofuata.